Kutoboa pua katikati kwa mara ya kwanza, ukiwa Dodoma

Pete ya katikati ya pua inaonekana kama imepita kwenye mfupa, ndiyo maana wengi wanaitamani na kuiogopa kwa wakati mmoja. Ukweli ni kwamba haitakiwi kupita kwenye mfupa wala kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya pua isiyo mfupa. Tundu lililowekwa mahali pake linapita kwenye ngozi laini, nyembamba, iliyo mbele kabisa ya pua: chini ya gegedu, juu ya ile nyama inayotenganisha matundu mawili. Maumivu, muda wa kupona, hata pete kukaa sawa au kwenda upande, vyote vinaanzia hapo.

Litafute eneo hilo mwenyewe kabla hujamwendea mtu. Nawa mikono kwa sabuni, weka ncha ya kidole gumba tundu moja na kidole cha shahada tundu la pili, kisha bana taratibu ukianzia chini. Kwanza utashika nyama nene. Panda kidogo kuelekea mbele na juu, utafika mahali vidole vinakaribia kugusana kwa jinsi ngozi ilivyo nyembamba. Ukizidi kupanda unakuta kitu kigumu kisichobonyea, hilo ndilo gegedu. Kwa wengine eneo laini ni pana, kwa wengine ni finyu kama punje ya mchele, na wapo ambao hawana kabisa. Mtoboaji anayejua kazi akilikosa atakuambia hawezi. Mshukuru, uende zako. Anayesema atapitisha tu popote mwogope.

Sababu ya kuliogopa gegedu ni hii: halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando unaolifunika. Damu ikijikusanya kati ya utando na gegedu, chakula kinakatika, gegedu linaweza kufa na mgongo wa pua ukabonyea. Kukosea kwa upande wa chini hakuna hatari ya namna hiyo ila kunatesa: tundu lililopita kwenye nyama nene linauma kwa miezi, pete inabana, na taratibu inahama kuelekea nje.

Kabla ya siku yenyewe

Kwa Dodoma, wakati una uzito wake. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu, upepo unavuma na vumbi linaingia puani hata ukiwa ndani. Kidonda kibichi ndani ya pua kavu hujaa magamba, na magamba ndiyo yanayovutwa na kuchanwa. Kama unaweza kusubiri, toboa Machi au Aprili, mvua ikiwa imelaza vumbi. Na usitoboe ukiwa na mafua au ukiwa kwenye kipindi cha mzio: kupenga kamasi kila dakika kumi ni kukivuruga kidonda kila dakika kumi.

Mwenye kisukari, selimundu, tatizo la vali za moyo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua naye afikirie mara mbili. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Siku ya kutoboa usinywe pombe wala aspirini, maana damu itachelewa kukata, na kula chakula cha kushiba saa moja au mbili kabla. Wanaozimia kwenye kiti mara nyingi ni waliokuja na njaa.

Kama unasoma chuo au unafanya kazi ofisini, fahamu mapema kanuni za mavazi za mahali ulipo. Pete ya umbo la U yenye gololi mbili inaweza kugeuzwa ikajificha ndani ya pua, na hilo limewaokoa wengi wanaokwenda kwenye ofisi za serikali Mtumba kila asubuhi. Lakini amua siku hiyohiyo kama itakaa juu au chini, na uiache hivyo wiki za mwanzo. Kuigeuza asubuhi na jioni kunachubua tundu.

Bado huna uhakika? Vaa pete ya kubana isiyohitaji tundu kwa wiki moja, uone unavyojisikia na nyumbani watasemaje.

Pete

Unene wa kuanzia ni milimita 1.2, yaani namba 16, au milimita 1.6, namba 14. Upana wa ndani uwe milimita 8 hadi 10 ili kuwe na nafasi ya uvimbe. Vipini vyembamba vya milimita 0.8 vya pembeni mwa pua havifai hapa, vinakata ngozi kila pua inapocheza.

Madini ndiyo yanayoleta kesi nyingi. Bora kuliko yote ni titani ya daraja la vipandikizi vya mwilini, yenye alama ASTM F136. Dhahabu halisi ya karati 14 au 18 isiyo na nikeli pia inafaa. Kitu kilichopakwa rangi ya dhahabu hakifai, wala fedha haifai kwa kidonda kibichi, kwa sababu inaoza rangi na kuacha doa. Mapambo ya bei ya chini ya sokoni mengi yana nikeli, na mwili wa mwenye mzio wa nikeli utawasha na kutoa majimaji hata usafi ukiwa wa hali ya juu. Kama mtoboaji hana pete nzuri, agiza yako mapema, umpe aisafishe kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa moto.

Kwenye kiti

Muulize kwanza anatumia nini. Bunduki ya kutobolea masikio usiikubali kabisa puani. Inasukuma kipini butu kwa nguvu, na sehemu zake za plastiki hazivumilii otoklevu. Kinachotakiwa ni sindano yenye uwazi ndani, mpya, ya matumizi ya mara moja. Wapo wanaotumia kanula ya hospitali, yaani sindano ya kuwekea dripu, ile ya kijivu ya namba 16. Nayo inafanya kazi ikiwa mpya na pete ni ya milimita 1.2. Sindano ya kawaida ya bomba la dawa ni nyembamba mno, na pete itasukumwa kwa nguvu mpaka ichane.

Pakiti zifunguliwe mbele ya macho yako, na glovu zivaliwe baada ya mikono kunawiwa. Akishika simu kisha akarudi kwenye pua yako na glovu zilezile, mwambie abadilishe, bila kuona haya. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kifaa kinachoonekana kisafi si lazima kiwe salama.

Atasafisha ndani ya pua kwa pamba yenye dawa, atabana na kuhisi eneo, ataweka alama pande zote mbili. Hapa usimharakishe. Asimame mbele yako, akutazame usawa wa macho, kisha akutazame kutoka chini. Ukuta wa pua za watu wengi umepinda kidogo, na akifuata ukuta badala ya kufuata uso, pete itaning'inia upande. Omba kioo uangalie alama kabla ya sindano. Baada ya hapo vuta pumzi, itoe polepole, sindano inapita wakati unatoa. Ni sekunde moja au mbili. Machozi yatakutoka, pengine utapiga chafya. Hiyo ni mishipa ya fahamu ya pua, si ishara ya kosa. Pete inafuata nyuma ya sindano, gololi zinakazwa. Matone machache ya damu ni kawaida.

Wiki zinazofuata

Osha mara mbili kwa siku, si zaidi. Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaleyale ya dripu, yanayouzwa duka la dawa. Ukipata vichupa vidogo vya mililita 5 au 10 ni bora, kwa sababu chupa ya mililita 500 ikishafunguliwa haibaki safi siku nyingi. Ukikosa, chemsha maji, pima mililita 250, weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi safi, ipoe; tengeneza upya kila siku. Wengi huzidisha chumvi wakidhani ndiyo dawa, kumbe inakausha ngozi na kuipasua. Maji ya bomba au ya kisima usiyategemee kwa kazi hii, hasa kwenye visima vya Dodoma vyenye chumvichumvi.

Lowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, shikilia puani dakika tatu hadi tano mpaka magamba yalainike, yafute, kausha kwa gozi nyingine. Gamba lisilotoka liache. Usizungushe pete.

Usipake spiriti, dawa ya meno, mafuta ya aina yoyote wala unga wa rangi mbili. Unga wa kidonge cha antibayotiki unaganda kuzunguka pete na kuzuia majimaji kutoka, na hautibu kitu. Anayevuta ugoro aache mpaka pua ipone. Anayetawadha asivute maji kwa nguvu, na atumie yaliyochemshwa. Kwenye bodaboda vaa barakoa safi isiyobana, ukifika ivue.

Uvimbe kidogo, kuuma ukigusa ncha ya pua, na majimaji meupe yanayokauka ni mambo ya kawaida wiki mbili au tatu za mwanzo. Harufu kidogo nayo ni kawaida. Usaha wa kijani, joto na wekundu unaosambaa, hapo nenda kituo cha afya, na pete usiitoe mwenyewe, maana tundu likifunga usaha unabaki ndani. Pua zote mbili zikiziba kwa uvimbe, maumivu yakazidi au homa ikapanda, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mathalani Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa, uombe daktari wa masikio, pua na koo.

Maumivu huisha ndani ya wiki 6 hadi 8, lakini tundu lenyewe huchukua miezi 3 mpaka 6 kukomaa. Pete ya kwanza ibadilishwe baada ya hapo, na mara hiyo ya kwanza mrudie mtoboaji akubadilishie. Tundu changa huanza kujibana ndani ya dakika chache pete ikitoka, kwa hiyo ile mpya iwe imeshasafishwa na iko mkononi kabla ya ile ya zamani kufunguliwa.