Kutoka dini ya nyumbani hadi imani yako

Mtoto wa Kikristo anayekulia Ngamiani au Makorora hapa Tanga huanza kuulizwa mapema. Wenzake wametoka madrasa, wamekaa barazani, mmoja anamgeukia: "Eti, Mungu wenu ana mtoto?" Ukijikuta unajibu "kwetu ndivyo tunavyosema," usione haya, hapo ndipo pa kuanzia. Liandike swali hilo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, wala usikimbilie kulijibu siku hiyo hiyo.

Kijana aliye darasa la kipaimara kwa Walutheri anayo tayari Katekismo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Humo kila fungu hufuatwa na swali, "Maana yake ni nini?" Wengi hukariri jibu mpaka siku ya kuhojiwa kanisani, kisha likapotea. Wewe funika jibu kwa karatasi. Jibu kwa sentensi mbili au tatu za kwako, kwa maneno ambayo yule wa barazani angeyaelewa, ndipo ufunue. Mlipotofautiana weka alama, umpelekee mwalimu. Ruka Amri Kumi kwanza, uanze na fungu la Imani, yaani ungamo la Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kuwa ndilo linalogusa swali lako.

Sambamba na hilo, soma Injili ya Marko: sura 16, mbili kwa wiki, wiki nane. Wiki ya pili utakutana na jamaa za Yesu wakienda kumkamata kwa kudhani amerukwa na akili (3:21). Wiki ya tano yupo baba anayeamini na papo hapo anaomba asaidiwe kutoamini kwake (9:24). Kaa hapo hata siku tatu. Sala yako ikigoma, omba ya huyo baba.

Sadaka nayo. Sarafu ya mia tano anayokutia mama mkononi mlangoni mwa kanisa ni sadaka ya mama. Toa kwenye pesa yako ya matumizi, hata mia.

Jihadhari na mkutano wa injili uwanjani. Si mbaya, ila yuko kijana anayeokoka kila mkutano na kupoa kila Jumatano, maana alishika msisimko akaacha kusoma. Ukipita mbele, kesho yake endelea na sura uliyoishia. Na ukiambiwa urudie ubatizo kwa sababu ulibatizwa mchanga, muone kwanza mchungaji wako: Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki hawaurudii.

Wengi huanguka baada ya kipaimara. Picha zimepigwa, pilau limeliwa, kijana anakwenda bweni ambako Jumapili hakuna wa kumwamsha. Kabla hujafunga begi uliza: kanisa la karibu liko wapi, ibada inaanza saa ngapi, daladala ni shilingi ngapi.