Somo: Klachi ya mafuta, kagua kabla ya kugusa rodi

Gia zikianza kukataa kuingia, fundi wengi hapa Nakuru hukimbilia kukaza rodi ya pedali, kile kijiti cha chuma ambacho pedali husukuma. Gia zinaingia, unalipa, na baada ya muda mfupi umerudi palepale. Rodi ile ina nati inayoifunga, kwa hivyo ni nadra ijilegeze yenyewe. Pedali iliyobadilika ghafla ina mafuta yanayovuja au hewa iliyoingia.

Anza na kikopo cha mafuta. Pleti ya klachi ikilika, mafuta hupanda kidogo, kinyume kabisa na breki. Yakishuka, yanavuja, isipokuwa kikopo kiwe kimoja na cha breki. Hapo kagua pedi za breki kwanza.

Pili, tafuta uvujaji. Pitisha kidole nyuma ya pedali, rodi inapoingia silinda ya juu, ile inayosukuma mafuta. Kisha ingia chini ya gari ufunue mpira wa silinda ya chini, ile inayopokea mafuta na kusukuma klachi. Ukikuta majimaji ndani, sili (mipira ya kuzuia mafuta) zimekwisha. Usipoiona silinda yenyewe, huenda imo ndani ya gia boksi. Angalia matone pale injini inapoungana nayo.

Tatu, toa hewa. Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa ya silinda ya chini, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta. Msaidizi akanyage polepole na ashikilie. Legeza skrubu, ifunge, ndipo aachie. Rudia mpaka mapovu yaishe, huku ukiongeza mafuta kikoponi. Tumia mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Ukitia oili ya injini, sili zitavimba. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji upesi.

Sasa ndiyo rodi. Bonyeza pedali kwa kidole: lazima icheze kidogo kabla ya kuwa nzito. Kwa Toyota kadhaa ni milimita 5 hadi 15. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Legeza nati, zungusha rodi, kaza tena. Usimalize mchezo wote! Pistoni ya silinda ya juu isiporudi hadi mwisho, inaziba kitundu cha kurudishia mafuta kikoponi. Mafuta yakipata joto yanatanuka, yanakosa pa kwenda, yanasukuma beringi inayoachanisha klachi, na klachi inateleza.

Jaribu: handibreki juu, injini ikinguruma, kanyaga, subiri kidogo, tia rivasi. Isilie.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nikitoka Kisumu asubuhi liko sawa, lakini nikifika Chavakali injini inalia tu, mwendo hakuna.*
Pima mchezo wa pedali, ndugu. Likiwa bado linateleza, simama pazuri, zima injini, legeza kidogo skrubu ya kutolea hewa ya silinda ya chini kisha uifunge. Jihadhari, mafuta ni moto. Klachi ikishika tena, presha ilikuwa imefungiwa. Isiposhika, pleti imekwisha au imeingia oili.

*Kwenye foleni ya Kondele pedali inazama taratibu nikiwa nimeikanyaga, na hakuna tone popote.*
Sili ya ndani ya silinda ya juu inapitisha mafuta. Badilisha sili, au silinda nzima kama ukuta wake una mikwaruzo. Kurekebisha rodi hakutakusaidia, dada.

*Nina chupa ya mafuta ya breki niliyoifungua mwaka jana. Nitumie?*
Hapana. Hunyonya unyevu wa hewani. Nunua chupa ndogo mpya.