Kokoto katikati ya gunia la mboga

Anayepanda sukuma wiki au mchicha kwenye gunia asijaze udongo mtupu, kwa sababu maji yanayomwagiliwa huishia sehemu ya juu, na miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni mwa gunia, hasa ile ya chini, hunyauka. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na mfuniko wala kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha livute juu na kurudia hivyo mpaka gunia lijae, ili ibaki nguzo ya mawe inayopitisha maji hadi chini. Kwa kumwagilia, maji yaliyooshewa mchele yanafaa kabisa. Ya kufulia nguo ni afadhali yaachwe, maana chumvi za sabuni hujilimbikiza upesi katika udongo mchache kama huo.