Kabla hujapanda ndege, hakikisha mamako atakupata

Pasipoti na tikiti hutazisahau, maana bila hizo huvuki mlango wa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Kinachosahauliwa ni simu. Kila mtu hudhani kwa kuwa anayo mfukoni basi mawasiliano yameshatengenezwa. Hayajatengenezwa. Hebu keti wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, uyapitie haya.

Nambari zote kwenye simu ziandike kwa +254, sifuri ya mbele uitoe. Ukiwa Kisauni simu huelewa namna zote mbili. Ukiwa Manchester, 07 ndio mwanzo wa nambari za simu za mkono za Waingereza wenyewe, kwa hivyo utamwamsha usingizini mtu asiyekujua wala humjui.

Chaja: plagi yetu ya pini tatu ndiyo ya Uingereza na Dubai. Ujerumani na Marekani haiingii, nunua kiunganishi.

Nambari tano ziandike kwa kalamu ndani ya daftari dogo, na mbili uzijue kwa moyo. Anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani asilipuuze hili, kwa sababu wako waajiri wanaochukua simu. Kwenye daftari hilo iwepo nambari ya ubalozi wa Kenya: Riyadh, Doha, Abu Dhabi au Muscat, na kwa walio Dubai, ubalozi mdogo wa hapo hapo. Daftari likae na nguo, lisikae na pasipoti.

Sasa laini yako ya Kenya. Hapa ndipo watu wanapoumia, na huumia kwa mpango ule ule mmoja. Mtu anasafiri, laini anamwachia nduguye Likoni aitie kwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Mwezi wa kwanza sawa. Mwezi wa pili ndugu anataka kutia laini yake mwenyewe, ya msafiri inaingia kwenye droo. Haiongezwi salio, haipigi, haitumi ujumbe. Kampuni ya simu huzifunga laini zisizotumika kwa miezi kadhaa, kisha nambari ile ile huuziwa mteja mpya. Kule ughaibuni msafiri hana habari, kwa sababu WhatsApp inaendelea kufanya kazi hata laini ikiwa imekufa. Inaihitaji siku ya kusajili tu. Halafu simu inaangukia kwenye ndoo ya maji. Ananunua nyingine, anaweka WhatsApp, nayo inatuma nambari za siri kwa ujumbe mfupi kwenye ile laini ya Kenya. Zinamfikia mtu wa Kitale ambaye hajui zimetoka wapi. Benki nayo inatuma za kwake huko huko. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, vilevile. Kwa siku moja mtu anajikuta hana simu, hana benki, hana njia ya kuomba hata cheti. Na kubadilisha laini iliyopotea kunataka mwenyewe na kitambulisho chake, jambo gumu kulifanya ukiwa Jeddah.

Dawa yake ni hii. Chukua simu ya laini mbili. Ya Kenya iende nayo safari, ya huko ikae pembeni yake. Kabla ya kuondoka nenda duka la kampuni yako ya simu uwashiwe romingi, yaani laini kufanya kazi kwenye mtandao wa nchi nyingine, na uulize kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kunagharimu nini. Data ya laini hiyo izime kabisa kwenye mipangilio, la sivyo salio lote litaliwa kabla hujatoka uwanja wa ndege. Kila mwezi tuma ujumbe mmoja kwa laini hiyo, au nyumbani wakusambazie salio kidogo ulitumie. Wenye Safaricom wapige *106# waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, kisha *100*100# ili laini isiweze kubadilishwa nje ya duka la kampuni. Ila jua kwamba kufuli hiyo inamfungia mwizi na inakufungia wewe pia ukiwa mbali, kwa hivyo laini yenyewe usiipoteze.

Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na uweke barua pepe. Bila PIN, aliyepewa nambari yako anaingia mara moja na wewe unatolewa. Ukiwa nayo, asiyeijua anasubiri siku 7, nazo zinakutosha kuwaonya watu wako. Na ukitaka kuhamia nambari ya nje, tumia sehemu ya kubadilisha nambari ndani ya programu wakati laini zote mbili zinafanya kazi. Ukifungua akaunti mpya, vikundi vyote vya familia vitabaki na yule wewe wa zamani. Akaunti isiyoguswa kwa siku 120 hufutwa. Wanaotegemea kompyuta wakumbuke pia kwamba simu kuu isipofunguliwa kwa siku 14, vifaa vilivyounganishwa nayo hujitoa.

Benki nenda mwenyewe kaunta kabla ya safari. Waulize kama nambari za siri zinaweza kuja kwenye programu yao au barua pepe badala ya ujumbe mfupi.

Mambo ya nchi unayokwenda. Umoja wa Falme za Kiarabu hauruhusu simu za sauti wala video za WhatsApp. Maandishi na picha hupita. Huko hutumika programu zenye leseni kama Botim, basi iweke kwenye simu ya mama ungali hapa, umfundishe kuipokea. Watakaokwambia utumie VPN, programu ya kuvuka vizuizi vya mtandao, waambie sheria ya mwaka 2021 kwa anayeitumia kutenda kosa au kulificha inaanzia faini ya dirhamu 500,000. Mshahara wa mwaka mzima hauifikii. Saudia ilizifungulia Septemba 2017 programu za kupiga simu zinazotimiza masharti yake, kwa hivyo uliza walioko huko ni ipi inashika vizuri.

Kama bibi ana kabambe, intaneti haimsaidii. Weka programu inayopiga simu za kawaida kwa kulipia, mfano Viber Out. Waliokuwa wakitegemea Skype watafute nyingine, ilifungwa Mei 2025.

Saa. Riyadh na Doha ni sawa na Mombasa, Dubai iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi, na hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Toronto ni saa saba au nane. Marekani na Kanada hazibadilishi siku moja na Ulaya, kwa hivyo Machi kuna majuma mawili matatu ya kukosana. Kubalianeni siku na saa maalumu ya kuzungumza. "Nitakupigia" peke yake hugeuka lawama.

Na mtandao ukikatika msianze kulia. Intaneti yetu inapita kwenye nyaya za chini ya bahari. TEAMS, iliyoanza kazi 2009, inatoka hapa Mombasa hadi Fujairah, na Februari 2012 ilikatwa na nanga ya meli hapa hapa bandarini. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikakwama. Siku kama hizo ujumbe mfupi wa kawaida mara nyingi hupita. Wekeni ahadi: kukiwa kimya siku mbili, kila upande utume neno moja kwa ujumbe mfupi.

Posta bado ina kazi yake, hasa kwa vyeti. Kwetu barua haiji mlangoni. Anwani ni jina, S.L.P. na nambari ya sanduku, 80100 Mombasa, Kenya, na chini yake nambari ya simu ya mpokeaji. Kabla ya kuitoa, hakikisha sanduku limelipiwa mwaka huu na unajua ufunguo uko kwa nani. Cheti halisi usikitie kwenye barua ya kawaida, tumia EMS, huduma ya haraka ya posta, au kampuni ya vifurushi, na nakala yake ibaki kwenye barua pepe yako. Nambari ya kufuatilia ina herufi na tarakimu jumla yake 13, ikiishia KE kama imetumwa kutoka hapa, ipige picha.

Vifurushi vya nyumbani vina mitego. Leso na mabuyu havina shida kubwa. Samli na nyama kavu haviingii nchi za Umoja wa Ulaya. Khashkhash, hata ile chembe ya kunyunyiza juu ya mkate, ni marufuku Dubai na inaweza kukufikisha mahakamani. Marashi ya alkoholi na pawabenki posta haipokei. Kwenye fomu ya forodha andika kitu na bei yake ya kweli, maana kuandika "zawadi" hakufuti ushuru.

Mwisho, chagueni neno la siri la nyumbani. Matapeli huchukua picha yako, wakafungua nambari mpya, wakamwandikia mamako kwamba umelazwa na pesa zinatakiwa sasa hivi. Asiyelijua neno asitumiwe hata shilingi. Lisiwe jina la mtoto, hilo liko Facebook. Na picha ya pasi ya kupandia ndege usiiweke kwenye statasi hata ukiwa na furaha namna gani: jina na ile nambari ya kuhifadhia nafasi (booking reference) vinamtosha mtu kuingia kwenye safari yako na kuivuruga.