Kuchagua Maji ya Wipa na Dawa ya Kufukuza Maji kwenye Kioo cha Mbele: Hatua kwa Hatua

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi kuhusu dawa za kufukuza maji ya mvua ni mawili: ama dawa imeisha nguvu baada ya muda mfupi, ama wipa zimeanza kurukaruka na kulia tangu ilipopakwa. Lawama huangukia chupa, ilhali mara nyingi tatizo liko kwenye kioo ambacho hakikusafishwa sawasawa, au ndani ya tangi la maji ya wipa, ambamo kuna kitu kinachopingana na dawa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye usafi kuliko kwenye upakaji.

Hatua ya 1: Chagua maji ya wipa

Tafuta chini ya boneti mfuniko wenye alama ya kioo na mchirizi wa maji, na usiuchanganye na wa chombo cha maji ya rejeta. Vimiminika hivi viwili vinaweza kuwa na rangi moja, lakini kile cha rejeta kina glaikoli, ambayo ikirushwa kwenye kioo huacha utando wa mafuta unaoziba macho ya dereva.

Maji mazuri ya wipa yana maji yasiyo na chumvichumvi, sabuni laini isiyotoa povu jingi, na alkoholi, ambayo huyeyusha mafuta na kuzuia kimiminika kuganda. Mahali pasipo na baridi kali hakuna haja ya alkoholi nyingi. Penye barafu, soma nyuzi joto zilizoandikwa kwenye lebo, na ukumbuke kwamba kila lita ya maji unayoongeza inapunguza kinga hiyo. Tazama pia aina ya alkoholi. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha au kuua ikinywewa, na Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2018, uliizuia kuuzwa kwa wananchi wa kawaida katika maji ya wipa ikifikia asilimia 0.6 ya uzito. Ukiwa na uchaguzi, nunua yenye ethanoli au isopropanoli, na vyovyote iwavyo usiyahifadhi kwenye chupa ya soda.

Sabuni ya kuoshea vyombo siitaki kabisa ndani ya tangi: povu lake hukauka na kuacha michirizi, hasa jua au taa za gari linalokuja zinapopiga kioo. Maji matupu ya bomba nayo si salama kama yanavyodhaniwa. Yakiwa magumu huacha chokaa kwenye matundu ya kunyunyizia, na watafiti wa Uingereza walieleza mwaka 2010 kwamba madereva wasiotia maji maalumu ya wipa kwenye tangi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na bakteria wa legionela. Ukinunua maji ya wipa mazito ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvichumvi.

Yako pia maji ya wipa yanayodai kuosha na kufukuza maji kwa pamoja. Sina imani nayo. Tabaka lake ni dhaifu, na baadhi yake yakikutana na aina nyingine iliyobaki kwenye tangi hufanya uteute unaoziba chujio dogo la pampu. Nashauri tangi libaki na kazi ya kuosha, na kufukuza maji kuwe kazi ya dawa inayopakwa kwa mkono. Ukibadilisha aina, toa ya zamani yote kwanza.

Hatua ya 2: Chagua dawa

Dawa za silikoni hupakwa kwa urahisi na kurudiwa kila baada ya wiki au miezi michache. Zile za florini hujishikiza kwenye kioo kwa nguvu zaidi na hudumu muda mrefu, ila baadhi ya kemikali za jamii hiyo haziozi kirahisi katika mazingira, na kosa la upakaji ni gumu kuliondoa. Kwa anayeanza nachagua silikoni bila kusita. Gari likiwa na kihisi cha mvua au kamera nyuma ya kioo, soma kwanza kitabu chake.

Hatua ya 3: Safisha kioo, na usiharakishe

Hapa ndipo saa zinapopotea. Kioo kilichooshwa kwa sabuni na maji huonekana safi, lakini bado kinaweza kuwa na moshi wa dizeli, nta ya kung'arishia bodi, mabaki ya raba za wipa na dawa ya zamani. Dawa mpya ikipakwa juu ya vitu hivyo inashika uchafu badala ya kioo, kisha inang'oka pamoja nao.

Osha kwanza vumbi lote, kwa sababu chembe ya mchanga chini ya kitambaa inakwaruza. Kisha lowanisha kioo na upitishe udongo maalumu wa kusafishia bodi ya gari. Mkono utahisi ukiparaza mwanzoni, halafu ukiteleza bila kizuizi. Baada ya hapo sugua kwa pasta ya oksidi ya seriamu, ambayo ni ya kung'arishia kioo, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, ukiiacha ikiwa na unyevu, na uzibe raba za pembeni kwa utepe wa karatasi, maana ikikauka humo huacha weupe mkaidi. Pasta hiyo huondoa utando na madoa mepesi ya chokaa. Mikwaruzo inayonasa ukucha haitaondoka.

Sasa mwagia kioo maji safi na utazame. Yakitanda kama shuka moja, kioo kiko tayari. Yakijikusanya kuwa matone au kuacha mabaka makavu, pale kuna mafuta au dawa ya zamani, na unapasugua upya. Watu wengi huona matone wakafurahi, kumbe wakati huo ndiyo dalili mbaya.

Malizia kwa isopropanoli kwenye kitambaa cha maikrofaiba kisichofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo. Spiriti ya hospitali huenda ikawa na mafuta ya mbarika, yanayorudisha utando uleule.

Hatua ya 4: Paka

Fanya kazi kivulini, kioo kikiwa baridi na kikavu. Paka, subiri ukungu utokee, futa.

Hatua ya 5: Wipa zikirukaruka

Futa kioo tena kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa dawa iliyozidi ndiyo sababu ya kawaida. Futa pia ukingo wa raba kwa isopropanoli mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Kelele ikiendelea upande mmoja tu wa mwendo, angalia mkono wa wipa: raba inapaswa kusimama wima juu ya kioo ili ilale pande zote mbili kwa usawa, na mkono uliopinda unairusha hata kioo kikiwa safi.

Dawa huanza kuisha kwenye njia ya wipa. Matone yakianza kutandaa hapo huku pembeni yakiteleza bado, rudia upakaji. Safari hiyo isopropanoli inatosha bila pasta, mradi hakuna nta iliyopita juu ya kioo tangu mara ya mwisho.