Metali ya risasi ndani ya kifaa cha umeme: jinsi ya kutumia msamaha wa RoHS

Kifaa cha umeme kinachouzwa katika Umoja wa Ulaya, kiwe kimeundwa Nairobi au Shenzhen, kwa kawaida kinabanwa na sheria ya RoHS inayozuia vitu hatari katika vifaa vya umeme, yaani Agizo 2011/65/EU. Vitu kumi vimewekewa mpaka: kadimiamu 0.01%, na vingine tisa, vikiwamo risasi na zebaki, 0.1% kila kimoja. Misamaha imo kwenye Kiambatisho cha III. Vifaa vya tiba na vya upimaji vina ya ziada kwenye cha IV. Wengi huanguka kwa kudhani kifaa chao kimesamehewa. Misamaha hii haisamehe kifaa kizima. Kinachosamehewa ni matumizi fulani ya kitu fulani mahali fulani, basi.

Anza na hesabu. Asilimia hupigwa kwa uzito wa maada moja, ile usiyoweza kuitenganisha tena kwa kukata, kusaga wala kufungua skrubu. Chukua kifaa cha kilo 1 chenye gramu 1 ya lehemu yenye bati 63% na risasi 37%. Ukigawanya kwa uzito wa kifaa kizima utapata 0.037% na kufurahi bure. Jibu sahihi ni 37%, mara 370 ya mpaka.

Kisha pitia orodha ya vipuri, kimoja kimoja, ukimdai muuzaji viwango vya kila maada. Barua inayosema tu "tunafuata RoHS" irudishe: haikuambii ni msamaha upi umetumika.

Tazama pini ya shaba iliyokerezwa kutoka aloi CW614N. Ina risasi kati ya 2.5% na 3.5%, iliyotiwa makusudi ili vinyolewa vikatike vifupi visijisokote kwenye kisu cha mashine. Kipengele 6(c) cha Kiambatisho cha III kinaruhusu hadi 4% katika aloi ya shaba, kwa hiyo pini imepita. Lakini mpako wa bati juu yake ni maada nyingine. Ukiwa na risasi 1%, 6(c) haiuokoi. Ukipima kwa kipimo cha miale ya X, kumbuka miale hupenya mpako mwembamba na kusoma shaba iliyo chini, hivyo namba unayoiona ni mchanganyiko wa vyote viwili. Kwangua mpako uupime peke yake, au upeleke maabara.

Kipengele 7(a) huwashangaza mafundi: lehemu yenye risasi 95% inaweza kupita, ile ya 37% haipiti. Msamaha huo ni wa lehemu isiyoyeyuka upesi, yenye risasi 85% au zaidi, kama ile iliyo ndani ya baadhi ya daiodi. Huyeyuka karibu nyuzi 300 za Selsiasi, kwa hiyo hubaki imara wakati daiodi inalehemiwa kwenye bodi kwa nyuzi 250 hivi. Soma matumizi yaliyotajwa neno kwa neno katika toleo la sasa kwenye EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, kwa sababu vipengele hugawanywa na kuandikwa upya.

Tarehe nazo zina mtego. Ombi la kuongeza muda hupelekwa angalau miezi 18 kabla ya msamaha kwisha, na likiwa limewahi, msamaha huendelea mpaka Tume ya Ulaya iamue, hata tarehe iliyochapwa ikipita. Likikataliwa, hubaki miezi 12 hadi 18. Kwa hiyo hakikisha kwanza kama kuna ombi, usije ukatupa vipuri vizuri au ukauza vilivyokwisha muda.

Katika faili la kiufundi, linaloandaliwa kwa kiwango cha EN IEC 63000:2018, andika kwa kila kipuri maada yake, kiwango, namba ya kipengele na tarehe ya mwisho. Litunze miaka 10 tangu kifaa kiingie sokoni.

Na pini ile ya shaba haijamaliza safari. Risasi imo katika orodha ya REACH, sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, ya vitu vya kutiliwa wasiwasi mkubwa tangu 2018, kwa hiyo ikizidi 0.1% ya uzito wa pini ni lazima umjulishe mnunuzi wa kibiashara, na muuzaji aliyeko Ulaya aiandikishe kwenye SCIP, hifadhidata ya bidhaa zenye vitu hivyo. Msamaha wa RoHS hauondoi wajibu huo.