Somo: Halmashauri ikitaka kufunga huduma mtaani kwako, idai tathmini hii kwanza (Uskoti)

Ndugu wanachama, msimu wa bajeti za halmashauri huku Uskoti ni Februari na Machi. Ndipo tunaposikia maktaba inafungwa, kituo cha jamii kinapunguziwa saa, ada fulani imepanda. Watu hulalamika WhatsApp, kura inapigwa, basi. Somo hili ni la kabla ya kura.

Kifungu cha 1 cha Equality Act ya 2010, yaani sheria ya usawa ya Uingereza, kilianza kutumika Uskoti Aprili 2018 kwa jina la Fairer Scotland Duty (wajibu wa kuifanya Uskoti iwe ya haki zaidi). Kinazibana halmashauri, bodi za afya, mawaziri wa Uskoti na taasisi nyingine kadhaa. Zinapofanya uamuzi wa kimkakati, lazima zizingatie kwa dhati namna ya kupunguza tofauti za maisha zinazoletwa na umaskini. Neno ni *zizingatie*. Sheria haiwakatazi kufunga maktaba. Inawataka waonyeshe kwamba waliwafikiria maskini kabla ya kuamua, na hilo huonekana kwenye maandishi. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuyasaka maandishi hayo.

Hatua ya 1. Pima ukubwa wa uamuzi. Bajeti ya mwaka, mpango wa maktaba zote, sera ya nyumba: hayo yanaingia. Taa moja iliyozimika mtaani haiingii.

Hatua ya 2. Tafuta tathmini, yaani hayo maandishi yanayoonyesha waliwafikiriaje maskini. Mwongozo wa serikali unataka iandikwe na ichapishwe. Angalia viambatisho vya mkutano wa kamati kwenye tovuti ya halmashauri. Mara nyingi imeunganishwa na tathmini ya usawa wa jinsia, rangi na ulemavu. Usipoiona, tuma barua pepe ya kuomba taarifa chini ya Freedom of Information (Scotland) Act 2002. Hulazimiki kusema unaitakia nini. Wana siku 20 za kazi kujibu. Wakikaa kimya au wakikataa, omba wapitie upya uamuzi wao, kisha nenda kwa Scottish Information Commissioner, msimamizi wa sheria hiyo ya taarifa.

Hatua ya 3. Isome kama mtu anayeishi pale. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapochoka.

Anza na tarehe. Tathmini iliyoandikwa baada ya uamuzi ni pambo tu. Kisha tafuta maneno "hakuna athari". Ukiyakuta yamesimama peke yake bila ushahidi, umepata hoja yako ya kwanza. Halafu ingiza postikodi yako kwenye ramani ya SIMD ya 2020 (kipimo rasmi cha umaskini wa maeneo), iliyoigawa Uskoti katika vipande 6,976 na kuvipanga kuanzia kilicho duni zaidi. Kipande chako kikiwa juu kwenye orodha hiyo na tathmini haikitaji, andika hivyo.

Lakini ramani isikutoshe. Mwongozo wenyewe unataja pia kipato kidogo, kukosa akiba, kukosa mahitaji ya msingi, na hali ya familia uliyokulia, na maskini wengi wanaishi mitaa isiyohesabika kuwa maskini. Uliza maswali ya kawaida: mama anayetumia kompyuta ya maktaba kushughulikia Universal Credit, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa wenye kipato kidogo, atakwenda wapi? Maktaba inayofuata ni nauli kiasi gani, kwenda na kurudi, akiwa na watoto wawili? Je, kuna mtu aliyemuuliza? Takwimu wanazo; maisha hayo unayajua wewe.

Hatua ya 4. Wapelekee madiwani mapema. Kata nyingi zina madiwani watatu au wanne. Waandikie wote, wa kila chama. Ukurasa mmoja: tathmini imesema nini, imeacha nini, unataka wafanye nini. Samaki mkunje angali mbichi.

Hatua ya 5. Mahakama. Ni kuwaomba majaji wapitie uhalali wa uamuzi (judicial review) katika Court of Session, mahakama ya juu ya madai ya Uskoti iliyoko Edinburgh, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Ni ghali. Muone wakili mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, mimi bado naomba hifadhi. Sheria hii inanihusu?
Kwa sehemu, ndugu yangu. Kifungu hichohicho kinasema tofauti zinazokupata *kwa sababu* uko chini ya udhibiti wa uhamiaji hazihesabiwi. Mimi naona ni shimo baya, wamewaacha watu wanaohitaji zaidi. Lakini hakuna kinachokuzuia kuomba taarifa au kumwandikia diwani. Tumia pia kifungu cha 149 cha sheria hiyohiyo, kinachozitaka taasisi za umma zizingatie usawa, ukiwemo wa rangi na uraia.

Niko Leicester. Nifanyeje?
Dada, England kifungu hiki hakijawashwa. Novemba 2010 Theresa May, akiwa waziri, alitangaza serikali haitakitumia. Chama cha Labour kiliahidi kukiwasha katika ilani yao ya 2024. Wales wanacho tangu tarehe 31 Machi 2021. Kwa sasa, kwako silaha ni hicho cha 149.

Nyumba yangu ya kaunsili ina ukungu ukutani. Naweza kuwadai fidia kwa sheria hii?
Hapana, mama. Kifungu cha 3 kinasema wazi kwamba sheria hii haikupi haki ya kudai fidia, na ukungu wa nyumba moja si uamuzi wa kimkakati. Peleka malalamiko kwa kaunsili, yaani halmashauri yako: hatua ya kwanza siku 5 za kazi, ya pili siku 20. Usiporidhika, nenda kwa Scottish Public Services Ombudsman, anayechunguza malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Piga picha za ukuta leo, zenye tarehe.